Nimeng'oa nyaya zote za Honda yangu ya 1976: uzoefu wangu na m-unit

Honda yangu ni CB550. Aliyeniuzia alikuwa ameshaikata fremu, akaweka kiti cha mtu mmoja na indiketa ndogo za LED. Kwa macho, inapendeza. Chini ya tenki sasa! Matumbo ya kuku: nyaya za rangi moja, zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu. Indiketa zenyewe zilikuwa zikipepesa mbio mbio, maana relei ya zamani, ile swichi inayozipepesa, huhesabu mapigo yake kwa mzigo wa balbu, na LED hazina mzigo wa kutosha.

Nikaagiza m-unit Blue ya Motogadget, Wajerumani wa Berlin. Ni kijisanduku cha kutoshea kiganjani, kinachoshika kazi ya relei na ya fyuzi zote ndogo. Inabaki moja kubwa tu karibu na betri. Bei sitaitaja, mama watoto husoma ninayoandika.

Kazi tuliifanyia Kibuye hapa Kisumu, mimi na fundi wa umeme aliyezoea bodaboda. Alipokiona alicheka. "Omera, hii ni pikipiki ama ni redio?"

Kilichotutoa jasho ni swichi za usukani. Honda ya zamani hupitisha umeme wa taa kwenye swichi yenyewe, ndiyo maana taa hufifia swichi ikichakaa. Kijisanduku hiki kinataka swichi iguse athi tu, yaani upande hasi wa betri unaopita kwenye fremu. Umeme mzito kinautoa chenyewe. Sisi tukaunganisha kama tulivyozoea. Honi ikalia mara moja, tukapeana mikono. Indiketa, kimya. Taa ya breki, kimya. Saa mbili nzima tukikilaumu kifaa, hadi tulipokumbuka kwamba kitufe cha honi cha Honda hugusa athi tangu kiwandani, zile nyingine hukata waya wa chanya. Ikabidi tufungue swichi zote na kuzigeuza moja moja, kwa solda nyembamba.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Fremu niliipaka rangi upya, nikafunga waya mkuu wa athi juu ya rangi. Taa zikawa zinawaka zinapotaka. Msasa kidogo, chuma kikaonekana, basi.

Sasa indiketa zinapepesa taratibu na kujizima zenyewe, na simu niliyoiunganisha na kifaa inanionyesha volti za betri. Hapo ndipo nilipojua pia kifaa hakiponyi chaji dhaifu: nikisimama kwenye msongamano wa Kondele injini ikiwa chini, volti hushuka hadi 12.2, nikikaza mafuta zinapanda 14. Alternata ya CB550, mtambo wa kuchaji betri, ndivyo ilivyo, usitarajie sanduku liibadilishe. Na kama pikipiki yako ni ya kubebea abiria, acha. Fyuzi utaipata duka lolote hadi Kakamega, kifaa hiki hutakipata, na kikifa kinazima kila kitu pamoja nacho.

Mimi nimekisamehe bei tangu mwezi jana. Nilikuwa nikishuka Nyang'ori usiku, mvua imeanza, indiketa ya kushoto ikakatika. Taa ya mbele iliendelea kuwaka, ya nyuma pia. Zamani fyuzi ingeungua na kunizimia taa zote pale pale kwenye mteremko, malori nyuma yangu. Nikasimama Kiboswa chini ya paa la kibanda cha mama wa mahindi, nikafungua simu: laini ya indiketa ya kushoto imezimwa, shoti. Nikageuza usukani huku na huku nikimulika kwa tochi, nikauona waya uliochunwa na shingo ya fremu, shaba inang'aa. Tepu, kamba ya plastiki ya kuuvuta kando, nikawasha upya. Mahindi nilinunua mawili, moja nikamwachia mtoto wake aliyenishikia tochi.