Nimeuziwa gari la umeme, Leaf ya betri ya 24, nikaambiwa ni ya 30

"Kwani huko kwenu korosho zimeisha? Vuneni, mje mnunue betri nyingine."

Hivyo ndivyo alivyonijibu muuzaji wangu wa Dar siku nilipompigia nikiwa nimekwama kando ya barabara ya Lindi, jua la saa saba, mama yangu mwenye miaka sabini na ushee amekalishwa kwenye kiti cha kuazima. Alilisema hilo halafu akakata simu. Hasara ya gari nitaizoea, lakini neno lile bado linaniamsha usiku.

Mimi ni mwalimu, nakaa Mtwara mjini. Hela ya gari ilitoka kwenye mikorosho ya marehemu baba kule Tandahimba, misimu miwili nimejibana. Mama yupo Lindi, kliniki yake ipo huku Mtwara, na nilichoka kumwona akibanwa kwenye basi. Nikamweleza muuzaji wazi kabisa: nataka Nissan Leaf iliyotumika Japani, iwe na uwezo wa kufika Lindi, kilomita mia na ushee, bila kuchaji njiani. Akaniambia, "Dada, hii betri yake ni ya 30. Unafika Lindi na chaji inabaki." Yaani kilowati-saa 30, kipimo cha umeme unaoweza kukaa kwenye betri. Picha aliyonitumia ilionyesha mistari yote 12 ya afya ya betri pembeni mwa mita, imewaka yote.

Niseme ukweli, wiki za mwanzo nililipenda gari lile mpaka nikawa nawasimulia watu sokoni. Shangani, Ligula, Chuno, narudi nyumbani, nachomeka ukutani, nalala. Linaniongelesha Kijapani kila nikiliwasha na wala sikujali. Nilikuwa nanunua Luku tu, sheli nikaisahau.

Halafu asubuhi moja mistari ikawa 11. Siku chache mbele, 9. Nikampigia muuzaji, akasema kompyuta ya gari "inajizoesha mazingira". Nikamwamini. Ikashuka tena, ikawa 8.

Siku ya kumrudisha mama Lindi nililichaji usiku kucha mpaka likajaa. Kupanda kile kilima cha Mikindani asilimia zikaanza kuporomoka. Nikazima kiyoyozi, mama akajipepea kwa leso yake. Tumeshaipita Mpapura, sijui kwa umbali gani, kwenye dashibodi ikawaka picha ndogo ya kobe. Ukikanyaga mafuta (naliita hivyo hivyo, sijazoea jina lingine) gari halikusikii, linajivuta tu. Malori ya korosho yanatupigia honi nyuma. Nikalitoa barabarani penye nyumba za watu, likazima.

Dereva mmoja wa Fuso akataka kutuvuta kwa kamba. Nikamkatalia, maana gari hili mota inazungusha tairi za mbele, ukiliburuza nazo zikiwa chini unaweza kuiunguza. Aliyetuokoa ni kijana fundi wa kuchomelea. Akaja, "Shikamoo bibi", akampa mama kiti na dafu, akazima mashine yake ya kuchomelea, akanipa soketi. Nikanunua Luku kwa namba ya mita yake, tukakaa hapo zaidi ya saa nne. Hakutaka hata shilingi juu ya ule umeme. Yeye hana deni kwangu na alinihudumia. Yule aliyekula mamilioni yangu ndiye aliyenitukania korosho.

Niliporudi Mtwara nikamtafuta kijana mmoja anayeyajua haya magari. Akachomeka kidude chake chini ya usukani, akafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, akanyamaza. Kisha akanigeuzia kioo: afya ya betri asilimia 62. Tena si betri ya 30. Ni ya 24.

Kumbe kuanzia mwishoni mwa 2015 hadi 2017 Leaf zilitoka na bodi ileile, nyingine betri ya 24, nyingine ya 30, na ukizitazama kwa nje ni vigumu kuzitofautisha. Na ile mistari 12? Kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa, gari likajiona jipya mpaka litakapojipima upya huku linatembea. Kwa hiyo wakati ananitumia picha ile, kuna mtu alishakaa humo ndani akaifuta kumbukumbu hiyo. Hapo ndipo mikono ilipoanza kunitetemeka.

Na hiyo "betri nyingine" anayoniambia ninunue ina uzito wa karibu kilo 300. Si mzigo wa kupakia kwenye buti la basi kutoka Dar. Ukitaka kuweka kubwa zaidi lazima upate na kifaa cha kuipatanisha na kompyuta ya gari. Nani wa kunifungia hapa?

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia watu wa kusini msiguse gari la umeme. Hapana, nitakuwa nalisingizia. Leo asubuhi limenipeleka shule na kunirudisha, kimya, bila tone la petroli, na kwa mtu asiyetoka mjini ningesema chukua. Ila betri za Leaf hazina mfumo wa kuzipoza, zinategemea hewa tu, na joto ndilo linalozila. Kwa joto letu hili, hiyo 62 yangu itakuwa ngapi masika ijayo? Nikifikiria hivyo namrudia yuleyule mtu, na hata sifa nilizotoa sasa hivi natamani kuzifuta.

Mama alirudi kliniki juzi kwa basi. Alifika miguu imevimba.

Jana nimeona tangazo lao jipya: Leaf nyeupe, "betri ya 30", mistari 12 imewaka yote. Nimepiga kuwauliza wameipima kwa kifaa gani. Mara tatu. Hawajapokea.