Darubini ya lenzi ya mm 70: inaonyesha nini cha kifo cha nyota ukiwa Kigoma?

Boksi limeandikwa "hukuza mara 525", na wengi hununua kwa namba hiyo. Hesabu yake ni hii: gawanya umbali wa fokasi (kutoka lenzi ya mbele hadi mwanga unapokutana), mm 700, kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Ya mm 25 inakupa mara 28, ya mm 10 mara 70, ya mm 4 mara 175. Ukichomeka na lenzi ya ziada ya kuzidisha mara 3 ndipo inapopatikana 525. Lakini lenzi ya mbele yenye upana wa mm 70 haikusanyi mwanga wa kubeba zaidi ya mara 140 hivi. Ukivuka hapo unakuza ukungu tu. Tumia mbili za kwanza, zilizobaki ziache ndani ya boksi. Ukikuta na kichujio cha Jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe: joto hukipasua, na jicho halina spea.

Kwa nyota zinazokufa kwa utulivu, darubini hii inastahili sifa. Nebula ya Helix, wingu la gesi lililomwagwa na nyota iliyokufa, umbali wa miaka ya nuru 650 hivi, hupita juu kabisa jioni za Septemba na Oktoba. Weka lenzi ya mm 25, kaa gizani dakika 30 bila kugusa simu, kisha tazama pembeni yake kidogo badala ya kuikazia macho. Utaona duara hafifu la kijivu. Rangi za kwenye picha usizitarajie. Nebula ya Pete, upande wa kaskazini mwezi Agosti, inataka mara 70, na hapo ni kama kijiduara cha moshi wa sigara. Jua letu nalo litamwaga gesi yake hivyo baada ya miaka bilioni 5 hivi, na kiini kibaki kibete cheupe, yaani nyota ndogo iliyoshindiliwa na inayopoa.

Vifo vya kishindo ndivyo vinavyoishinda. Nyota yenye uzito wa kuanzia mara 8 hivi ya Jua huunguza kiini chake hadi kiwe chuma, na chuma hakitoi nishati kikiunganishwa. Kiini kikipita takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua, huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje hulipuka. Oksijeni nyingi tunayovuta ilitawanywa na milipuko ya aina hii. Antares, ile nyekundu ya kundinyota la Nge, iko njiani huko; Juni hadi Agosti huhitaji hata darubini kuiona.

Masalia ya mlipuko ulioandikwa na Wachina mwaka 1054, yaani Nebula ya Kaa, yana nyota ya nutroni, kiini kilichoporomoka na kushindiliwa mno, inayozunguka mara 30 kwa sekunde. Kwa mm 70 ni doa tu, tena jioni zake bora ni Desemba hadi Februari, mvua ikiwa imetawala. Afadhali uamke saa kumi alfajiri mwezi Septemba, uangalie mashariki. Supanova, yaani mlipuko wa nyota kama huo, ya 1987 ilionekana kwa macho matupu katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Leo masalia yake yanahitaji darubini kubwa mno. Na zile supanova za vibete vyeupe vinavyolipuka, zilizowaonyesha wanasayansi mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, ziko mbali kupita kiasi.

Kigoma ina tatizo lake: usiku usio na mwezi, unaoutaka wewe, ndio wavuvi wa dagaa wanaoutaka pia, na taa zao hung'arisha ziwa. Lipe ziwa mgongo, tafuta mteremko unaotazama mashariki, anza saa mbili usiku. Tabora haina taa hizo, ila moshi wa mapori yanayochomwa Agosti na Septemba hufifisha nyota za chini.

Stendi ndiyo aibu ya seti nzima. Usirefushe miguu, ning'iniza katikati mfuko wa mchanga wa kilo 3, na ukishagusa subiri itulie. Darubini ndogo ya kulengea irekebishe mchana kwa mnara wa simu wa mbali, la sivyo usiku utatafuta hadi uchoke. Picha kuwa juu chini si ubovu. Unyevu wa ziwani huotesha kuvu kwenye kioo: hifadhi na vipakiti vya kunyonya maji, na vumbi lipulizwe kwa pampu ya mkono, lisifutwe kwa kanga.

Alama 3 kati ya 5. Kama shabaha yako ni Nebula ya Kaa, dunduliza ununue ya kioo cha kuakisi cha mm 150.