Monk: tamthilia ya mpelelezi asiyetaka kuachana na maumivu yake

Tamthilia ya Monk ilianza kuonyeshwa nchini Marekani Julai 2002 kupitia stesheni ya USA Network, ikamalizika Desemba 2009 ikiwa na misimu 8 na vipindi 125. Kwa wingi huo, anayefikiria kuinunua au kuitazama yote ana haki ya kuuliza kama itamlipa muda wake. Naamini itamlipa, ingawa mafumbo ya mauaji yenyewe si kivutio kikubwa, maana mtazamaji makini hung'amua mengi yao mapema, na mara nyingine muuaji huonyeshwa tangu dakika za mwanzo. Kinachoibeba ni mtu mmoja, Adrian Monk, mpelelezi wa zamani wa polisi ya San Francisco, ambaye waandishi wakiongozwa na Andy Breckman walimpa akili kali na hofu zisizokwisha, kisha wakatumia miaka yote hiyo kuchunguza jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa ndani ya kichwa kimoja.

Kipindi cha kwanza kinaanzia ndani ya nyumba ya mwanamke aliyeuawa. Monk anatembea taratibu, mikono ameiinua mbele ya uso wake, viganja vimeelekea nje, kana kwamba anakikata chumba vipande vipande ili akione kimoja kimoja. Anabaini mambo ambayo askari waliomzunguka wameyapita bila kuyaona. Katikati ya kazi hiyo nzito, shaka moja inamvamia: je, alizima jiko nyumbani kwake? Muuguzi wake, Sharona Fleming, anayeigizwa na Bitty Schram, anajaribu kumtuliza, lakini maneno yake hayamshiki. Maiti iko pale sakafuni, wakubwa wa polisi wanasubiri kauli yake, na yeye akili yake iko kwenye jiko.

Tukio hilo fupi limeeleza ugonjwa wake, ule wa fikra na vitendo vya kujirudia (OCD), vizuri kuliko hotuba yoyote. Mgonjwa wa namna hii huvamiwa na wazo asilolitaka, wazo hilo humtia hofu, naye hufanya kitendo fulani ili hofu ipungue: anakagua swichi, ananawa mikono, anahesabu, anagusa kila nguzo anayoipita. Nafuu huja, lakini ni ya muda mfupi, na kila anapoipata kwa njia hiyo ubongo wake unazidi kuamini kuwa hatari ilikuwa ya kweli na kitendo kile ndicho kilichomwokoa. Watu wa kwetu pwani wamemwona ndugu anayerudia udhu hadi sala inampita, akidhani kila mara kwamba kuna kiungo hakikupata maji, na hakuna mawaidha yanayomtosha. Anajua kwamba hofu yake imepita kiasi, na bado hawezi kuiacha. Tony Shalhoub, aliyemwigiza Monk, alilielewa jambo hili kwa undani. Anapolazimika kumpa mtu mkono, macho yake huutazama ule mkono kwa aibu kabla hajageuka kumwomba msaidizi wake kitambaa chenye majimaji cha kujifutia. Aibu hiyo ndiyo inayomtofautisha na mtu msafi tu mwenye madoido, na ndiyo iliyostahili, kwa maoni yangu, zile tuzo 3 za Emmy alizopewa mwaka 2003, 2005 na 2006.

Lakini jambo lililo zito zaidi katika tamthilia hii ni msiba. Monk alikuwa na tabia hizi tangu utotoni. Mkewe Trudy, mwandishi wa habari, alimsaidia kuishi nazo na kuzidhibiti. Tarehe 14 Desemba 1997, Trudy aliuawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake katika jengo la maegesho. Baada ya hapo Monk alivunjika, akapoteza kazi ya polisi, na kwa muda mrefu hakutoka nje ya nyumba yake. Ndiyo maana kesi zote nyingine anazozitatua kwa urahisi zinaacha kidonda kilekile wazi: mtu awezaye kumtambua muuaji kwa namna vitu vilivyopangwa mezani ameshindwa kumjua aliyemwua mkewe.

Hapa ndipo waandishi walipoonyesha busara kubwa. Kadiri vipindi vinavyoendelea, inabainika kwamba Monk anaogopa kupona. Nyumba yake imebaki vilevile, na mto wa Trudy umehifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili harufu yake isipotee. Zawadi ya Krismasi ambayo Trudy alimwachia kabla ya kufa ameikalisha miaka yote bila kuifungua, kwa sababu ikifunguliwa hakutakuwa tena na kitu kipya kitakachotoka kwake. Utaratibu ule mkali, hesabu zile na kukataa badiliko lolote, vimekuwa njia ya kuusimamisha wakati pale ulipokuwa Trudy yu hai. Wanasaikolojia wanatofautisha majonzi na ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia, na wana haki ya kufanya hivyo; lakini ndani ya mtu mmoja mambo hayo huweza kusukana mpaka yeye mwenyewe asijue ugonjwa unaishia wapi na mapenzi yanaanzia wapi. Sikumbuki tamthilia nyingine ya upelelezi iliyolishika jambo hilo kwa subira kiasi hiki.

Kipindi bora kuliko vyote, kwangu, ni kile cha msimu wa 2 kinachomleta kaka yake Ambrose, akiigizwa na John Turturro. Ambrose hatoki kabisa nyumbani kwao. Baba yao alitoka siku moja kwenda kununua chakula cha Kichina akawaacha wakiwa watoto, asirudi tena. Na Ambrose bado anamtunzia barua na magazeti yake yote, yamepangwa kwa mpangilio, ili atakaporejea ayakute. Ndugu hawa wawili wameachana kwa miaka mingi kwa sababu Ambrose hakumpigia simu mdogo wake baada ya kifo cha Trudy. Hatimaye ukweli unatoka: siku ile Trudy alikuwa ametoka kumnunulia Ambrose dawa ya kikohozi, naye amebeba lawama hiyo peke yake tangu hapo. Turturro na Shalhoub wanasema mazungumzo hayo bila kupaza sauti, na mtazamaji anaelewa kwamba nyumba moja ilizalisha watu wawili waliojifungia, mmoja ndani ya kuta na mwingine ndani ya kanuni zake.

Pamoja na sifa hizo, tamthilia hii ina kasoro ambayo siwezi kuinyamazia, nayo inahusu tiba. Katika kipindi kimoja cha msimu wa 3, Monk anakubali kumeza dawa. Hofu inamtoka, anavaa mashati ya maua, anaendesha gari jekundu la kifahari, na papo hapo kipaji chake cha upelelezi kinapotea, hadi anapoziacha dawa. Ujumbe huo una madhara. Wapo wagonjwa wengi, pengine watu 2 hivi katika kila 100, wanaoishi na ugonjwa huu, na dawa zinazotumiwa kuutibu huwapa wengi wao nafuu bila kuwageuza kuwa watu wengine. Kumfundisha mtazamaji kwamba mateso ndiyo mafuta yanayowasha taa ya akili ni kumpa mgonjwa sababu ya kukataa msaada. Monk angekuwa mpelelezi bora zaidi kama angeweza kupanda lifti bila kutetemeka, na tamthilia yenyewe inalithibitisha hilo kila mara hofu yake inapohatarisha kesi au maisha ya wenzake.

Hata kliniki ya Dk. Charles Kroger, mtaalamu anayeigizwa kwa upole wa kupendeza na Stanley Kamel, inaonyeshwa kama mahali pa mazungumzo yasiyoisha. Tiba inayofahamika kusaidia zaidi ni ile ya kumkabilisha mgonjwa na anachokiogopa, hatua kwa hatua, huku akijizuia kufanya kile kitendo cha kumtuliza, mpaka mwili ujifunze kwamba hofu hushuka yenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba waandishi waliikaribia tiba hiyo katika msimu wa 8, pale Monk na mgonjwa mwenzake na hasimu wake Harold Krenshaw wanapojikuta wamefungiwa ndani ya buti la gari, hawana pa kukimbilia, na hofu yao ya mahali finyu inaanza kulegea. Kamel alifariki Aprili 2008, na tamthilia ikamfanya Dk. Kroger naye afariki. Namna Monk anavyompokea daktari mpya, Dk. Bell, akiigizwa na Héctor Elizondo, ni miongoni mwa mambo mazuri ya misimu ya mwisho.

Sharona aliondoka katika msimu wa 3, na mashabiki wengi bado wanamlilia. Mimi nampendelea aliyemfuata, Natalie Teeger, anayeigizwa na Traylor Howard, kwa sababu naye ni mjane: mumewe, rubani wa jeshi, aliuawa Kosovo. Anamlea binti yake, anacheka, anasonga mbele, na kuwapo kwake tu kando ya Monk kunaonyesha njia nyingine ya kubeba msiba.

Katika vipindi vya mwisho, mwaka 2009, zawadi inafunguliwa, muuaji anajulikana, na Monk anampata Molly, binti wa Trudy ambaye mama yake aliaminishwa kuwa alikufa alipozaliwa. Nililia, nakiri, lakini wepesi wa nafuu yake baada ya hapo haukunishawishi, kwa kuwa ugonjwa ulioanza utotoni hauondoki kwa kesi kufungwa. Filamu iliyotoka Desemba 2023, iliyoandikwa na Breckman mwenyewe, inalirekebisha hilo kwa ujasiri: baada ya janga la korona Monk amezidiwa tena na anafikiria kujiua. Anayeguswa kwa karibu na suala hilo asiitazame akiwa peke yake. Kwa asiye na muda wa vipindi vyote 125, atazame kile cha kwanza, cha Ambrose, na viwili vya mwisho, kisha filamu hiyo, kwa mpangilio huo huo.