Fishfainda ya Mtera: soma kwanza kibandiko cha kebo

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Leo ni fishfainda, mashine ya kwenye boti inayotuma sauti majini ikakuonyesha kina na samaki. Sigusi ukubwa wa skrini, wala rangi, wala kama inavumilia maji. Hayo muuzaji atakueleza mwenyewe mpaka uchoke. Nataka tuongee kuhusu kile kidude cheusi kinachozama majini kutuma sauti na kupokea mwangwi, transdyusa, na zile namba ndogo kwenye kibandiko cha kebo yake. Namba hizo ndizo zilizonilia laki sita.

Boti yetu inavua bwawa la Mtera. Mimi nauza perege na kambale hapa Dodoma mjini, mdogo wangu ndiye mwenye kukesha majini. Mwaka jana nikaingia duka moja, silitaji, nikatolewa fishfainda iliyotumika. Kijana akaiwasha. Samaki wakaanza kupita kwenye skrini, wakubwa kwa wadogo, na chini yao miamba. "Unaona, mama? Hii inaona mpaka chini ya tope." Nikafurahi kama mtoto. Transdyusa yenyewe ilikuwa imelala juu ya kaunta, pembeni ya kikombe cha chai, kavu kabisa. Wazo hilo lilinijia gari likiwa limeshapita Chipogolo: wale samaki walikuwa wanaogelea wapi?

Ile ilikuwa hali ya maonyesho. Fishfainda nyingi zinayo, ni kama video tu, na inacheza hata transdyusa ikiwa haijaunganishwa.

Majini ikasoma vizuri mpaka mita tatu hivi. Tulipoingia ndani zaidi namba ya kina ikaanza kupepesa, kisha skrini ikajaa vidoti kama manyunyu. Mdogo wangu akashusha jiwe kwenye kamba: mita saba. Mashine inasema mita mbili na nukta moja, baadaye haisemi kitu. Tukageuza betri, tukasafisha pini, tukamlaumu hata mwenye injini. Siku ya tatu ndipo mdogo wangu akaifuta kebo matope na kusoma kibandiko: 50/200. Menyu ya skrini ilikuwa na chaguo mbili, 83 na 200, na kijana wa duka alikuwa ameiacha kwenye 83 kwa sababu "inaona pana". Tukaweka 200. Sakafu ya bwawa ikatokea, nene na tulivu, kwenye mita saba.

Ndani ya transdyusa kuna kipande cha kauri kinachotetemeka kikipigwa umeme. Ni kama ngoma ya muheme: ikishawambwa, ina sauti yake. Kauri yangu ilitengenezwa kutetemeka mara 50,000 au mara 200,000 kwa sekunde, ndiyo hizo kilohezi 50 na 200. Ukiilazimisha 83 inalia kinyonge, na mwangwi unaorudi ni hafifu kiasi kwamba skrini inaanza kuchora makelele yake yenyewe. Nilikuwa nimeuziwa skrini ya kampuni moja na transdyusa ya kampuni nyingine, katikati wameweka adapta. Adapta inakutanisha pini. Kauri inabaki ileile. Kwa hiyo mwale mpana wa sauti niliolipia sina mpaka leo, maana skrini haina 50 na transdyusa haina 83.

Sasa, Mtera inataka masafa gani, yaani kilohezi ngapi? Bwawa likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni 690. Mahali ulipovua kwenye mita kumi maji yakiwa mengi, kiangazi panaweza kubaki mita tatu. Kilohezi 50 ni za baharini, kwa kina cha mamia ya mita; huku kwetu zinachafua tu sehemu ya juu ya skrini. Shika 200 iwe ndiyo ya kila siku. Ya chini kama 77 au 83 inamwaga mwale mpana kama tochi iliyofunguliwa: wa nyuzi 60, kwenye mita kumi za maji, unafunika duara la mita 11 na nusu, wa nyuzi 20 unafunika mita tatu na nusu tu. Upana unasaidia kwenye maji mafupi yaliyo wazi. Lakini Mtera ina visiki, miti iliyozama bwawa lilipojazwa, na mwale mpana unakichanganya kisiki cha pembeni na samaki aliye chini yako. Hapo ndipo kilohezi 455 au 800 zinapolipa, kwa sababu zinachora tawi likaonekana ni tawi.

Nipange sasa. Mnajua naelemea kampuni ya Garmin, na sifichi.

Ya kwanza ni Garmin Striker Vivid 4cv. Inakuja na transdyusa yake ndani ya boksi, yenye 77 na 200 za kawaida pamoja na 455 na 800 za picha. Sina tena cha kuoanisha. Ina GPS, kwa hiyo nyavu ukizitega usiku unaweka alama, hukimbizani na maboya. Kama mfuko haufiki, chukua Striker 4 ya kawaida: 77/200, bila picha. Mdogo wangu anatumia hii sasa, kwa betri ya bodaboda, inakesha naye bila shida. Kumbuka tu kuitoa kwenye futi kuiweka kwenye mita, maana usiku wa kwanza alinipigia simu akasema yuko kwenye mita 31.

Ya pili, Humminbird PiranhaMAX 4. Ina 200 na 455, mwale wa nyuzi 28 na wa 16. Kwa maji yetu ni chaguo zuri sana, ila haina GPS.

Lowrance Hook Reveal yenye transdyusa ya SplitShot naiweka ya tatu: 200, na 455/800 za picha. Sina ugomvi nayo. Wenye boti za fibagilasi wataipenda.

Deeper ile ya mpira wa kurusha, inayoongea na simu, ni ya mtu anayevua kwa ndoano akiwa ukingoni, pale bwawa la Hombolo kwa mfano. Kwenye boti ya nyavu itakusumbua.

Zile za bei ya chee zisizo na jina: kama kibandiko hakina kilohezi, rudisha kwenye rafu.

Ukiwa dukani fanya hivi. Mwambie azime maonyesho. Soma kibandiko, kisha fungua menyu ya aina ya transdyusa na uhakikishe namba ni zilezile. Halafu weka transdyusa sikioni. Ikiwa hai utasikia tik, tik, tik, ndogo kama saa ya ukutani. Huo mlio haukuambii masafa, unakuambia tu kwamba haijafa. Muuzaji akikasirika kwa sababu unasikiliza bidhaa yake kama daktari, toka.

Na hilo la wauzaji linaniuma. Striker 4 nje inauzwa dola 100 na kitu. Naelewa usafiri, naelewa ushuru, VAT ya asilimia 18 naijua kwa kuwa nailipa. Lakini niliporudi na malalamiko kijana yule aliniuliza kama nina uhakika maji ya Mtera ni mazuri. Maji! Nikamwonyesha kibandiko, akasema hizo ni namba za kiwandani. Risiti yangu ilikuwa imeandikwa "kifaa 1".

Mbili za mwisho, mafundi wamenikumbusha. Kwenye boti ya mbao usiibandike transdyusa kwa ndani, mbao ina hewa na sauti haipiti. Ifunge kwenye mti ushushwe nyuma ya boti. Na usiilishe mashine kwa betri moja na taa za kuvulia, baadhi ya taa hizo zinatupa mistari skrini nzima.

Yule mwenye skrini ya 50/200 anayetafuta transdyusa, yangu ipo. Kebo haijakatika na kibandiko bado kinasomeka.