Cha kununua ili githeri isikumalizie gesi: chaguo tano kwa jikoni za Nairobi

Chai, sukuma na ugali havimalizi mtungi. Kinachoumaliza ni githeri (mchanganyiko wa mahindi na maharagwe), maharagwe, njahi, matumbo na kuku wa kienyeji, vyakula vinavyokaa motoni hadi ukasahau ulivibandika saa ngapi. Kwa hivyo kama una elfu chache za kutumia jikoni mwezi huu, achana kwanza na blenda na vikaango vya kupendeza macho. Nunua kitu kitakachofupisha muda wa kuchemsha.

Nairobi ina sababu yake ya ziada. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji hutokota yakifika digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukiongeza moto hayapandi zaidi ya hapo, yanageuka mvuke tu na kukuachia bili. Ndiyo maana mgeni kutoka Pwani akipika maharagwe South B kwa muda aliozoea kwao, huyapakua yakiwa bado magumu na kuanza kumlaumu mama mboga.

Nimezipanga chaguo hizi kuanzia ile ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Bei ni za kukadiria, zunguka maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa.

1. Sufuria ya presha ya kubandika kwenye gesi

Kwa familia, hii haina mpinzani wa karibu. Kifuniko kikishafungwa mvuke hauna pa kutokea, shinikizo linapanda, na maji yanafika karibu digrii 120 badala ya zile 94. Githeri ya saa tatu inaiva kwa dakika 45 hivi, na maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva mapema zaidi.

Tupige hesabu. Tuseme umejaza mtungi wa kilo 13 kwa shilingi 3,200, maana yake kilo moja ya gesi ni kama shilingi 246. Jiko la ukubwa wa kati kwenye moto wa wastani hula takriban gramu 100 kwa saa. Sufuria ya kawaida kwa saa tatu ni gramu 300, karibu shilingi 74. Presha kwa dakika 45 ni gramu 75, shilingi 18 na ushei. Umeokoa kama shilingi 55 kwa mpiko mmoja. Ukipika hivyo mara mbili kwa wiki, sufuria ya shilingi 3,000 inajilipa ndani ya nusu mwaka hivi, na ikitunzwa vizuri itakaa miaka.

Kuhusu ukubwa, usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Maharagwe hufura na kutoa povu, kwa hivyo hairuhusiwi kujaza zaidi ya nusu. Presha ya lita 5 ni lita mbili na nusu za githeri basi, inawatosha watu watatu au wanne. Anayechemsha ya wiki nzima na kugandisha kwenye friza kwa vifurushi achukue ya lita 7.

Za alumini ni nyepesi, hushika moto haraka, na nyingi ziko kati ya shilingi 2,000 na 3,500. Za stili ni ghali zaidi lakini hazibonyei ovyo, na ile yenye kitako kizito haiunguzi mchuzi. Kama una jiko la induksheni, ya alumini ya kawaida haitafanya kazi juu yake.

Sasa hofu. Wengi tumekua tukiambiwa presha hulipuka, na zipo nyumba ambazo kweli dari ilipakwa maharagwe. Mara nyingi sababu ni mbili: tundu la mvuke limezibwa na ganda la hindi au povu, au mtu ana haraka na anakifungua kifuniko kwa nguvu kabla mvuke haujaisha. Kabla ya kila mpiko, inua kifuniko kwenye mwanga uone kama tundu linapitisha mwanga. Kijiko cha mafuta ndani ya maji hupunguza povu. Ukizima gesi, acha itulie yenyewe mpaka kipuli, kile kizito cha juu ya kifuniko kinachotoa mvuke, kisitoe sauti hata ukikigusa kwa mwiko.

Dukani, iwe supamaketi au kwenye vibanda vya Kamukunji, mwambie muuzaji afungue boksi. Funga na kufungua kifuniko mwenyewe, kisipokaa vizuri pale hakitakaa nyumbani. Bonyeza mpira wa kifuniko unaozuia mvuke kwa kidole: uwe laini na usiwe na nyufa. Tafuta valvu ya usalama, ambayo ni tofauti na kile kipuli cha juu, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau: je, mpira wa aina hii unauzwa peke yake? Mpira ndio huchakaa kwanza. Presha isiyo na mpira wa akiba sokoni ni sufuria nzito tu.

2. Presha ya stima

Kibandiko kinasema wati 1,000 na watu wanakimbia. Lakini haivuti stima mfululizo. Inavuta hadi shinikizo lipande, halafu inazima na kuwaka kidogo kidogo kwa sababu imevikwa koti la kuzuia joto lisipotee. Mpiko wa maharagwe hula kama nusu uniti. Kwa nyumba ya kawaida uniti ikiwa haiko mbali na shilingi 30 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 15. Kenya Power wenyewe wameipigia debe kupitia kampeni yao ya Pika na Power, na katika hili sina ugomvi nao.

Ila tazama: shilingi 15 dhidi ya 18 za presha ya gesi. Tofauti ni ndogo mno, ilhali hii ya stima ya lita 6 huanzia kama shilingi 7,000 na kupanda. Kwa hivyo usiinunue kwa ajili ya kuokoa pesa ikiwa tayari una presha ya gesi. Inunue kwa ajili ya muda. Unaweka githeri, unabonyeza, unaenda kuoga au kumsaidia mtoto na homuweki, na hakuna kitakachoungua. Kwa mtu anayeingia nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni ya Thika Road, hapo kuna thamani.

Stima ikipotea katikati, usifungue. Chungu kimehifadhi joto na kitaendelea kuivisha kwa muda. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni ile nyembamba inayobeba pia TV na pasi. Na kama unaishi kwenye ploti ambako stima imo ndani ya kodi, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuileta. Luthuli Avenue utapata aina nyingi, lakini dai waranti iliyoandikwa na risiti, na hakikisha mpira na chungu cha ndani vinapatikana kama vipuri.

3. Kikapu cha kuhifadhi joto

Kikapu kilichotandikwa sponji na kitambaa, chenye mto wa kufunika juu. Unachemsha chakula, unatumbukiza sufuria humo na mfuniko wake, unafunika na kuendelea na shughuli zako. Kinauzwa, lakini boksi gumu na blanketi kuukuu hufanya kazi ile ile bila gharama. Wali, viazi, supu na uji hutoka vizuri sana.

Maharagwe yana sharti. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemshwa hasa, na joto la kadiri haliiui. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, ndipo yaingie kikapuni kwa saa nne au tano. Kabla ya kula, yarudishe motoni hadi yatokote. Mtu akikuambia uyatie kikapuni mara tu yanapoanza kutokota, usimsikilize.

Nimekiweka cha tatu kwa sababu kinadai mipango, na Nairobi si kila mtu yuko nyumbani saa tano asubuhi.

4. Kununua yaliyochemshwa

Mwenye kuishi peke yake Roysambu au Kahawa West, anayekula maharagwe mara moja kwa wiki, hana haja ya kununua kifaa chochote. Mama mboga au yule wa kona huchemsha sufuria kubwa na kukupimia kwa kikombe. Moto wake umegawanywa kwa wateja wote, na wewe kwa sufuria yako ndogo huwezi kushindana naye. Uliza yamechemshwa lini, nenda yakiwa bado moto, na ukifika nyumbani yachemshe tena kabla ya kuyaunga. Familia ya watu watano ikiishi hivi, hesabu inageuka haraka.

5. Jiko la makaa

Linaonekana rahisi kwa sababu makaa hununuliwa kwa mkebe, kidogo kidogo, na hakuna anayejumlisha mwisho wa mwezi. Jumlisha. Jiko la udongo ndani na bati nje hutumia makaa machache kuliko lile la bati tupu, hilo kweli. Lakini ndani ya chumba kimoja kilichofungwa madirisha, makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua. Kama ni lazima, basi nje.

Na maharagwe yenyewe

Presha nzuri haitaokoa maharagwe mabovu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba hata kuloweka hakusaidii sana, na hapo ndipo watu hukimbilia magadi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni ukizidisha.

Kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima bei ni nafuu kuliko mtaani ukinunua kwa wingi, na utachagua kati ya aina za maharagwe kama nyayo, wairimu, mwitemania na ya njano. Ya njano ni ghali lakini huiva upesi, kwa hivyo sehemu ya pesa unairudisha kwenye gesi. Uliza ni ya msimu upi. Usiamini jibu moja kwa moja: nunua kilo moja, pika nyumbani, na ukiridhika rudi kwa muuzaji yule yule ukachukue ya mwezi mzima.