Snowpiercer: mapinduzi ndani ya treni, na mlango ambao hakuna aliyeuona

Niseme mapema, humu kuna spoila, tena ile kubwa yenyewe, maana hii muvi ukiizungumzia bila kugusa mwisho wake utabaki unasifia shoka na damu tu. Kama hujaiona nenda kaangalie kwanza.

Stori iko hivi: dunia imezidi joto, wakubwa wakaamua kupuliza angani kemikali inaitwa CW-7 ili ipoe, ikapoa kweli, ikapitiliza mpaka kila kitu kikaganda. Waliosalia wako kwenye treni moja ya tajiri anaitwa Wilford, inazunguka dunia mwaka mzima haisimami, na muvi inaanza 2031 watu wameshakaa humo miaka 17. Waliokata tiketi kwa pesa ndefu wako mbele, waliodandia wako mkiani, hakuna dirisha, wamebanana kwenye vitanda vya kupandiana, msosi ni vipande vyeusi vya protini na basi. Curtis ndo steringi, kachezwa na Chris Evans, yule mliyezoea kumuona kabeba ngao kama Captain America, anataka awavushe wenzake mpaka kwenye injini.

Dairekta ni Bong Joon-ho wa Korea Kusini, kaitoa kwenye komiki ya Kifaransa ya 1982. Kilichonikamata ni jinsi alivyoyapanga matabaka. Stori nyingi za hivi zinaweka matajiri juu, ghorofani au angani, na makabwela chini. Hapa hakuna juu wala chini, kuna mbele na nyuma tu, kwa hiyo kama unataka haki yako huwezi kumzunguka mtu, lazima upite sebuleni kwake. Kila mlango ukifunguka unajifunza kitu: behewa moja unagundua zile protini zinasagwa kutoka kwa mende, behewa jingine kuna samaki wanafugwa na sushi inaliwa mara mbili tu kwa mwaka eti ili mizani isivurugike, mbele zaidi kuna darasa la watoto wanaimba kumsifu Wilford kama mungu. Kile kipande cha darasani kinachekesha na kutisha kwa wakati mmoja, sijui nilikuwa nacheka nini.

Halafu Mason, waziri wa Wilford, Tilda Swinton kaua humu aisee. Jamaa mmoja wa mkiani karusha kiatu, adhabu yake mkono unatolewa nje kwenye baridi dakika saba ugande, na wakati mkono unaganda Mason yuko busy anahutubia, anamwekea mtu kiatu kichwani akieleza kwamba kofia mahali pake ni kichwani na kiatu ni mguuni, na nyie wa mkiani ni kiatu. Baadaye akishikwa anatoa meno yake ya bandia na kuanza kujipendekeza kwa haohao alioita viatu. Vibaraka wa namna hii tunawajua.

Pambano la shoka ndo watu wengi wanalikumbuka, wale askari wa Wilford waliofunika nyuso wanachana samaki kwanza kabla hawajaanza kuchana watu, katikati ya mauaji treni inafika kwenye daraja ambalo kulivuka ndo mwaka mpya, wote wanasimama kusherehekea, kisha wanaendelea kuuana. Treni ikiingia kwenye handaki refu giza linatanda, upande wa pili wana miwani ya kuonea gizani, na kinachowaokoa wa mkiani ni moto unaokimbizwa mkono kwa mkono kutoka nyuma kabisa. Hapo nilirudisha nyuma kuangalia tena.

Sasa spoila yenyewe. Curtis anafika kwa Wilford anaambiwa mapinduzi yote yalipangwa, tena kwa kushirikiana na mzee Gilliam, kiongozi wao wa mkiani aliyekuwa kama baba kwake, lengo likiwa kupunguza idadi ya watu. Hata zile karatasi za siri zilizokuwa zinafichwa kwenye chakula zilitoka kwa Wilford. Wengi hapa wanalalamika kwamba muvi imewadharau wanaopigania haki. Mimi sioni hivyo, kwanza anayesema ni Wilford, na Gilliam alishamuonya Curtis asimpe huyo mtu nafasi ya kuongea, amkate ulimi. Inawezekana alikuwa anaficha siri yake, inawezekana pia alijua Wilford ana maneno ya sumu. Mpaka leo sijaamua.

Ila hata Wilford akiwa mkweli, kuna mtu mmoja hakuwa kwenye hesabu zake, Namgoong, fundi wa milango. Muvi nzima unamuona teja tu, analipwa kwa Kronole, dawa ya kulevya, kila anapofungua geti, kumbe anaikusanya kwa sababu inalipuka. Wenzake wanapigania mlango wa mbele, yeye shida yake ni mlango wa pembeni wa kutokea nje, uliofungwa muda mrefu mpaka watu wakauona ni ukuta. Curtis anataka kubadilisha anayeshika injini, Namgoong hataki treni kabisa. Kwangu huyu ndo steringi wa kweli, na ukiona watoto wanafanyishwa nini ndani ya ile injini, wamewekwa badala ya kipuri kilichoisha, unamuelewa.

Mapungufu yapo. Treni ikionyeshwa kwa nje inafanana na gemu la zamani, na kuna muuaji mmoja hafi hata umfanye nini, nilichoka naye. Sirizi iliyoanza 2020 nayo nimeigusa, wahusika wengine na stori yake nyingine, ina raha zake lakini ikishakuwa sizoni nne lazima mapinduzi yarudiwe rudiwe, ule moto wa kwenda mbele tu unapotea.

Ukiitafuta hakikisha ni ile ya saa mbili na ushee na ina sabtaitoli. Namgoong anaongea Kikorea, kile kimashine cha kutafsiri kinasaidia wenzake ndani ya muvi, wewe hakikusaidii kila mahali, na yale maelezo yake ya mlango anayatoa kwa Kikorea.