Maghala mawili ya Liverpool: sanaa au makazi?

Albert Dock, gati lililozungukwa na maghala, ilifunguliwa mwaka 1846. Mhandisi Jesse Hartley, kwa kuhofia moto, alikwepa mbao akajenga kwa matofali, mawe na chuma cha kusubu. Ukingoni mwa maji jengo limebebwa na nguzo nene za chuma, na watu hupita chini yake kwenye kivuli. Ndiyo maana maduka, makumbusho na, mwaka 1988, jumba la sanaa la Tate viliingia humo bila sura ya nje kuguswa sana.

Ghala la Tumbaku la Stanley Dock ni mtihani mwingine kabisa. Lilikamilika 1901, mwaka aliofariki Malkia Victoria, likiwa limemeza matofali milioni 27. Dari zake ni fupi, zaidi kidogo tu ya mita 2 (zilipimiwa shehena ya tumbaku, si binadamu), na jengo ni nene mno kwa mwanga wa madirisha kufika katikati. Ili lipate kuwa fleti, ilibidi kiini chake kibomolewe, ubaki ua wazi.

Mgeni ningempeleka Albert Dock. Ila kwa ujasiri wa usanifu, kura yangu ni ya ghala la tumbaku.